Habari za Akiba ya Uzee Katika Milima ya Usambara

Watu wengi wadhani ya kuwa shauri la kujiwekea akiba ya uzee ni shauri jipya, lililokuja pamoja na mshahara, na ofisi, na karatasi za kutiwa sahihi. Husema, "Wazee wa kale hawakuhangaika, walizeeka tu, wakalishwa na watoto wao." Lakini sivyo. Wazee wa kale walihangaika sana, nao walianza mapema kuliko sisi. Ila akiba yao haikuandikwa kitabuni, bali ilionekana kwa macho, na kila jirani aliijua. Katika habari hii nataka kueleza akiba ile ilikuwa ya namna gani hapa Usambara, ilibadilikaje tangu Wadachi walipopanda mlima, na kwa nini mtu wa siku hizi aliyefanya kazi ya mshahara miaka 30 aweza kurudi Mlalo au Soni au Bumbuli akiwa maskini kuliko babu yake, ambaye labda hakushika mshahara hata mwezi mmoja.

Na tuanze na mlima wenyewe. Mtu akisimama Irente, karibu na Lushoto, akatazama chini, aona nyika ya Mazinde na Mombo imetandazwa kama mkeka, mbali sana chini ya miguu yake. Washambaa wa kale walipenda kujenga vijiji vyao karibu na ukingo wa mlima kama huo, wala si kwa ajili ya kutazama uzuri wa nchi. Juu kuna mvua na baridi, na migomba hustawi. Chini kuna joto, na nafaka hukomaa upesi. Mwenye mji aliyekaa ukingoni aliweza kuwa na shamba juu na shamba chini, na jua likiunguza mazao ya nyika, migomba ya mlimani ilimbakia. Hiyo ndiyo akiba ya kwanza: kutotia matumaini yote mahali pamoja.

Mgomba nao una sifa yake kwa mzee. Shamba la mahindi lataka mgongo wenye nguvu kila mwaka: kufyeka, kulima, kupanda, kupalilia, kulinda ndege na nguruwe. Lakini mgomba uliopandwa na mtu wa miaka 30 waendelea kutoa machipukizi hata akiwa na miaka 60, tena u karibu na nyumba. Kikongwe asiyeweza kuinua jembe aweza bado kukata mkungu, au kumwagiza mjukuu aukate. Basi kijana aliyepanda migomba alikuwa akijilipa mwenyewe mshahara wa uzeeni, ingawa hakulijua neno hilo.

Akiba ya pili ilikuwa mifugo. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi lake. Alimpa jirani mmoja, shemeji mmoja, rafiki wa kijiji cha mbali mmoja, awatunze. Mtunzaji alipata maziwa na samadi ya migomba yake. Mwenye mali alibaki na ng'ombe na uzao wake, na mtunzaji akipewa ndama mara kwa mara kwa kazi yake. Mtu asiyejua ataona kama mwenye ng'ombe alikwepa kazi. Sivyo. Kwanza, ugonjwa ukiingia zizi moja haukumaliza mali yote. Na wezi wakija hawakuchukua wote. Pili, na hili ndilo kubwa, kila ng'ombe aliyekaa kwa mtu mwingine alikuwa kama kamba iliyomfunga mtu yule kwa mwenye mali. Alipozeeka alikuwa na watu kumi wa kumwendea wakati wa shida, na hao kumi hawakuweza kumwambia, "Wewe ni nani?"

Ya tatu ilikuwa watoto na wakwe. Baba aliwapa wanawe mashamba na ng'ombe za mahari, kila mmoja kwa wakati wake, naye hakugawa vyote upesi. Hapa yafaa tuseme kweli: heshima ya mzee ilitoka katika mapenzi, naam, lakini pia ilitoka katika funguo alizozishika. Kijana aliyetaka kuoa hakuwa na mahali pengine pa kupata ng'ombe. Alimhitaji baba, na baba alijua.

Nisije nikaonekana kama nasifu kila lililo la kale. Akiba hiyo ilikuwa njema kwa mwenye watu, na ilikuwa ukatili kwa asiye na watu. Tasa, mjane asiye na mwana wa kiume, mgeni aliyekimbilia nchi, na zaidi ya wote mtumwa, hao hawakuwa na kamba ya kumfunga mtu yeyote. Katika njaa walikuwa wa kwanza kufa au kuuzwa. Msomaji akisikia watu wakisema ya kuwa zamani hakuna mzee aliyetupwa, na aulize: mzee yupi?

Juu ya miji hiyo walikaa wafalme wa Kikilindi. Habari za Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu akapewa ufalme na Washambaa katika karne ya 18, zajulikana na wengi, na Abdallah bin Hemedi aliziandika katika kitabu chake Habari za Wakilindi, kilichopigwa chapa kwanza na misheni ya Magila. Mfalme alipokea kodi ya mifugo na chakula na kazi, na watu walimtazamia aiponye nchi: mvua inyeshe, njaa isije. Mwaka 1848 Dk. Ludwig Krapf, mmisionari Mdachi aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza, alifika Vuga akamwona Kimweri ye Nyumbai, akarudi tena mwaka 1852. Mfalme huyo alitawala mpaka akawa mzee sana, na wanawe aliwaweka wawe machifu katika pande za nchi. Twaweza kusema uzee wa Kimweri ulilindwa kama uzee wa baba mwingine yeyote wa Kishambaa, ila kwa ukubwa wa ufalme.

Lakini alipofariki, karibu mwaka 1862, mambo yaligeuka, na sababu mojawapo yatupasa kuiangalia vizuri kwa kuwa ndiyo mwanzo wa habari yetu ya fedha. Semboja, mwanawe, alikaa Mazinde nyikani, njiani pa misafara ya pwani. Vuga ilikuwa na heshima na ng'ombe za kodi. Mazinde ilikuwa na bunduki, baruti na nguo. Muda si muda nguvu ikashuka mlima. Vita vya jamaa vikaendelea miaka mingi, watu wakakamatwa na kuuzwa Pangani. Utajiri wa namna mpya ulikuwa umekuja, ambao haukuhitaji kungoja migomba ikue wala ng'ombe azae. Ulipatikana kwa siku moja, na kwa siku moja ulitoweka.

Sasa twaja kwa Wadachi, yaani Wajerumani, na hapa kuna ajabu moja ambayo sijaona watu wakiitaja. Mwaka 1889 huko kwao Ujerumani, Bismarck akiwa bado waziri mkuu, ilipitishwa sheria ya bima ya uzee. Mfanyakazi alitoa sehemu yake, tajiri wake alitoa sehemu iliyo sawa nayo, na dola ikaongeza; mtu akitimiza miaka 70 alilipwa mshahara wa uzeeni mpaka kufa kwake. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1891. Na mwaka uo huo wa 1891 wamisionari wa kwanza wa chama kilichoitwa baadaye Betheli walianza kazi Mlalo, na serikali ya Wadachi ilikuwa inaishika nchi hii yote. Kwa hiyo taifa lililokuja kututawala lilikuwa la kwanza duniani kuweka sheria ya namna ile kwa ajili ya wafanyakazi wa nchi nzima, na lilipovuka bahari lilibeba bunduki, na reli, na mbegu za kahawa, bali sheria ile halikuibeba.

Lililokuja ni kodi. Tangu mwaka 1898 kila nyumba ilidaiwa kodi, nayo ililipwa kwa fedha, au kwa kazi. Reli ilitoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Walowezi walichukua ardhi katika Usambara wapande kahawa, na mji wa Wilhelmstal, ambao ndio Lushoto yetu, ukawa boma lao. Walowezi walilia kwamba hawapati vibarua, maana Mshambaa mwenye migomba na mbuzi hakuona sababu ya kumlimia mtu mwingine. Basi mwaka 1907 ikawekwa kadi: kila mwanamume, katika kila miezi minne, alitakiwa kumfanyia kazi Mzungu siku 30 kwa mshahara uliopangwa, asiyefanya aliweza kupelekwa kazi za serikali.

Na tuitazame kadi hiyo. Siku 30, kisha nenda nyumbani. Tajiri hakuuliza mtu huyu akiugua atakula nini, wala akizeeka atakaa wapi. Alihesabu hivi: mtu huyu ana mke, mke ana jembe, na jembe lina shamba; shamba litamlisha akiwa mtoto, litamlisha akiugua, litamlisha akizeeka. Mimi nitamlipa kwa siku zile tu ambazo mkono wake una nguvu. Kwa hesabu hiyo mshahara uliweza kuwa mdogo sana, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama ya kumlea mtu na kumzika ilikuwa ikilipwa na migomba ya mama yake. Naomba msomaji alishike neno hili, kwa kuwa mengi yaliyofuata yatoka hapo: mshahara wa kwanza ulioingia milimani haukuwa na uzee ndani yake.

Waingereza walipoitwaa nchi baada ya vita vya 1914 hadi 1918, jambo hilo halikubadilika. Nao kwao walikuwa na sheria ya mwaka 1908, na tangu 1 Januari 1909 mzee maskini wa miaka 70 huko Uingereza alipewa mpaka shilingi 5 kwa juma, bila kuchanga kitu. Huku kwetu mfanyakazi wa shamba alipewa kipande cha siku 30 na posho ya unga.

Jambo hilo laonekana wazi zaidi chini ya milima yetu kuliko juu, katika mashamba ya mkonge ya Korogwe na Muheza. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf kutoka Florida, na husimuliwa kwamba katika miche elfu moja ni 62 tu iliyofika hai. Kutoka miche hiyo michache yalizaliwa mashamba yaliyovuta watu wa mbali, Wanyamwezi, Waha, Wabena na wengine, wale walioitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya SILABU ya kuwaandika na kuwasafirisha. Mkataba ulipokwisha, manamba alitakiwa kurudi kwao, na uzee wake ukawe shauri la kwao. Wengine walirudi. Wengine walioa huku, wakakaa miaka 20, 30, na huko walikotoka mashamba yao yakagawanywa. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha kamba za kiwandani zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakaachwa porini. Mtu aliyezeekea katika nyumba ya kampuni, katika ardhi ya kampuni, kampuni ilipokufa alibaki na nini? Babu yake alikuwa na migomba.

Huku juu, mwaka 1946, Waingereza walianza mpango wa kuponya udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukaenezwa katika Usambara yote. Watu waliamriwa kuchimba matuta katika miteremko. Ubaya ulioonwa na Waingereza ulikuwa wa kweli: miti imekatwa, watu wameongezeka, na kila masika udongo wa Mlalo ulikuwa ukiteremka na mto Umba kuelekea baharini. Kwa mwenyeji udongo huo ndio uliokuwa akiba ya uzee, nao ulikuwa ukitoka zizini usiku usiku. Lakini dawa ililetwa kwa amri na faini. Kazi ya matuta ilikuwa nzito, nayo ilikuwa nzito kuliko zote kwa mjane na kwa mzee. Tena kulikuwa na hofu nyingine. Zamani mwenye ardhi nyingi alimwazima maskini kipande alime. Matuta yakichimbwa, watu walisema, aliyeyachimba asije akadai kwamba shamba ni lake. Kwa hofu hiyo yaliweza kufungwa yale mashamba ya kuazima ambayo mjane alitegemea. Watu wakakataa, ugomvi ukawa mkubwa, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Mimi naona pande zote mbili ziliona jambo la kweli, na udongo ukaendelea kwenda.

Uhuru ulipokuja, mshahara ulianza kutiwa uzee ndani yake. Mwaka 1964 uliwekwa Mfuko wa Akiba wa Taifa, uliojulikana kwa herufi NPF. Mfanyakazi alikatwa shilingi 5 katika kila 100, na tajiri wake akatoa 5 nyingine. Hili lilikuwa jambo kubwa, na wale wanaolidharau hawakumbuki siku za kadi. Lakini mfuko ule ulikuwa na kasoro moja: ulilipa mara moja tu. Mtu akistaafu alipewa fedha zake zote na faida kidogo, kisha basi. Na katika miaka ya 1980 bei za vitu katika Tanzania zilikuwa zikipanda kwa kadiri ya 30 katika 100 kila mwaka. Na tufanye hesabu kama ya darasani. Kitu cha shilingi 100 leo, mwakani ni 130, mwaka wa pili 169, wa tatu karibu 220. Baada ya miaka 10 ni karibu 1,380. Kwa hiyo mtu aliyeweka shilingi 1,000 na kuzikuta 1,000 zile zile baada ya miaka 10, amekuta kitu cha shilingi 72 hivi. Hakuna mwizi aliyeingia. Fedha zote zipo, zimeandikwa vizuri, na zimekwisha. Wazee wengi waliostaafu wakati huo walipokea haki yao ambayo haikuweza kununua mabati ya nyumba. Ng'ombe wa babu angekuwa bado ng'ombe.

Hapo twaona kwamba fedha iliyolala huoza. Basi mwaka 1997 sheria ikageuza NPF kuwa NSSF, na mfuko mpya ukaweza kumlipa mtu kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Watumishi wa serikali, waliokuwa wakilipwa pensheni na hazina bila kuchanga, nao waliwekewa mfuko wa kuchangia, PSPF, mwaka 1999. Ilikuwapo pia mifuko ya PPF, LAPF na GEPF. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF, iliyoanza kazi tarehe 1 Agosti 2018, na NSSF ikabaki na wa makampuni na wanaojiajiri. Katika PSSSF mtumishi hukatwa 5 katika 100 na mwajiri hutoa 15. Mwalimu wa mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa 40,000, na mwajiri huweka 120,000. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60, na mtu hana budi awe amechangiwa miezi 180.

Kisha ikaja habari ya kikokotoo, ambayo kila mwalimu katika Lushoto ameizungumza, wengi kwa uchungu, na wachache wakiwa wameishika hesabu yake. Tuseme mtumishi amefanya kazi miaka 30, ndiyo miezi 360, na wastani wa mishahara ya miaka yake mitatu iliyo bora ni shilingi milioni 12 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, miezi yake iligawanywa kwa 540, ikazidishwa kwa mshahara huo: ni milioni 8 kwa mwaka. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5 akapewa papo hapo, yaani milioni 62, na nusu iliyobaki akalipwa kila mwezi, shilingi 333,000 hivi. Mwaka 2018 ikatoka kanuni mpya ya kumpa mkupuo wa robo tu. Kelele zikawa nyingi, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliisimamisha. Mwaka 2022 ikaja nyingine: miezi yagawanywa kwa 580, mkupuo ni 33 katika 100 ukizidishwa kwa 12.5. Mtumishi wetu yule sasa apata mkupuo wa milioni 30 na laki 7 hivi, na kila mwezi 416,000 hivi. Mwaka 2024 serikali ikapandisha mkupuo, kwa wale waliokuwa wameshushwa kutoka nusu, ukawa 40 katika 100.

Kutoka milioni 62 hadi 30! Si ajabu watu walilia. Mtu alikuwa amekwisha kuhesabu nyumba, na gari la kukodisha, na ada ya mtoto wa mwisho. Tena neno letu lenyewe, kiinua mgongo, lasema juu ya kitu cha kumwinua mtu mara moja. Lakini na tutazame upande wa pili bila hasira. Nyongeza ya 83,000 kila mwezi ni karibu milioni moja kwa mwaka, na mtu akiishi miaka 20 baada ya kustaafu ni milioni 20. Haijafika ile 31 iliyopungua, basi wanaosema wamepunjwa wana hesabu mkononi. Ila katika vijiji vyetu tumewaona waliopokea mkupuo mkubwa, wakanunua gari kwa ajili ya njia ya Soni na Mombo, na kabla ya mwaka wa tatu gari liko juu ya mawe nyuma ya nyumba. Yule wa zamani aliyetawanya ng'ombe wake kwa watu kumi angeshangaa kumwona msomi akiweka miaka 30 katika injini moja.

Nimesema mengi juu ya wenye mishahara, na hao ni wachache. Walio wengi milimani ni wakulima, na kwao mambo ni magumu kwa njia nyingine. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta watu 492,441 katika wilaya ya Lushoto, kabla Bumbuli haijatengwa. Babu aliyekuwa na ekari 8 na wana wanne aliwapa ekari mbili mbili. Na kila mmoja akiwa na wana wanne, mjukuu apata nusu ekari, labda katika mteremko ambao juu yake udongo mwekundu umekwisha kuonekana. Zile funguo za mzee nilizozitaja zimepungua uzito. Kijana haoni tena sababu ya kungojea nusu ekari. Apanda basi aende Dar es Salaam au Tanga, na mahari yake aitafuta mwenyewe. Hatuwezi kumlaumu. Lakini heshima iliyosimama juu ya ng'ombe na ardhi sasa yabidi isimame juu ya mapenzi peke yake, na juu ya fedha kidogo ziletwazo kwa simu mwisho wa mwezi, kama zimo.

Wengine wamegundua migomba ya namna mpya. Mtu wa miaka 40 apanda migrevilea mipakani mwa shamba. Baada ya miaka 15 au 20 ni mbao, na wakati wote huo majani na matawi yamemfaa, na mizizi imeshika udongo. Mikaratusi hukua upesi zaidi, ila ikipandwa karibu na chemchemi huinywa, na ugomvi juu ya jambo hili umefika katika mabaraza mengi ya vijiji. Ng'ombe mmoja wa maziwa wa kufungiwa bandani, akilishwa majani yaliyopandwa juu ya makinga maji, hushika kazi mbili za kale pamoja, ya maziwa na ya samadi. Mboga za Lushoto, kabichi na nyanya na karoti, huleta fedha za haraka, lakini ni kazi ya vijana, maana zataka kumwagilia na kunyunyiza dawa kila juma, na bei ya sokoni yaweza kuanguka usiku mmoja. Anayetegemea kabichi kwa uzee atazame mgongo wake kwanza.

Chai nayo yatufunza kitu. Wakulima wadogo wa Bumbuli walipanda chai wakitumaini kiwanda cha Mponde, na chai ni mti wa kudumu kama mgomba, wenye kuchumwa miaka mingi. Lakini mwaka 2013 kiwanda kilifungwa kwa ugomvi, na jani la chai lisilo na kiwanda halina bei. Mzee aliyekuwa amepanda akiba yake pale aliiona ikigeuka kichaka. Baadaye waliokuja kushika kiwanda hicho walikuwa PSSSF yenyewe pamoja na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Fikirini jambo hilo: fedha za uzee wa mwalimu zilirudi mlimani kutafuta faida katika shamba la mkulima asiye na pensheni.

Zanzibar walichukua njia nyingine. Mwezi Aprili mwaka 2016 serikali ya huko ilianza kumpa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kila mwezi, bila kuuliza kama alichanga au la, na mwaka 2023 zikapandishwa kuwa 50,000. Fedha hizo si nyingi, lakini mjane asiye na mwana, yule ambaye akiba ya kale haikumjua wala mshahara haukumjua, naye huzipokea mkononi mwake. Bara, mkulima anayetaka kulipwa kila mwezi uzeeni yampasa achange mwenyewe; NSSF humwandika mtu aliyejiajiri, awe mkulima, fundi au mwenye duka. Kwake ile miezi 180 ni miaka 15, wala hakuna mwajiri wa kumwongezea. Aanzaye akiwa na miaka 45 aitimiza akifika 60, asiporuka mwezi. Aanzaye akiwa na miaka 52, akitaka kuitimiza, atakuwa akichanga mpaka 67. Na kwa kuwa fedha za mkulima huja wakati wa mavuno tu, wale wanaofaulu hapa milimani ni wale wanaotenga mchango wa miezi kadhaa siku ile ile lori la mboga linapolipa, kabla fedha hazijafika nyumbani.